Kioo Hakijaamka

Saa moja kasoro, Kyimo yote imo ndani ya ukungu,
ndoo za maziwa zinagongana nje kama meno ya mwenye baridi,
nami nimekumbatia kikombe cha chai kwa mikono miwili
nikiisubiri mashine ikubali kuwaka.

Dirisha la kwanza ni la Gwakisa: anapima, ananusa, anaandika.
Dirisha la pili ni langu: nasoma alichoandika,
lita za wiki, deni la pumba, salio.
Kati yetu upo ukuta wa mbao
na waya mmoja wa bluu.

Akaja Tusekile, mwanachama mia mbili kumi na nne,
khanga inamchuruzika mvua ya Tukuyu,
mvua isiyojua kuaga.
Nikamsomea: mama, unadaiwa elfu arobaini na sita.
Hakupandisha sauti. Aliweka risiti mezani,
wino mbichi bado, ukanipaka kidole gumba.
"Nimelipa sasa hivi, hapo kwa mwenzako.
Mwanangu, hicho kioo chako hakijaamka."

Nikashikwa na aibu ya mtu aliyeapa kwa picha ya jana.
Huko chini, ghalani, ukweli ulishageuka;
huku juu fomu yangu inaendelea kusimulia
ilichokiona nilipoifungua,
kama mgeni anayetoa habari za kijiji alichokwisha kukihama.

Nikabonyeza: onyesha upya.
Mistari ikapepesa mara moja, kama kope.
Elfu arobaini na sita ikawa sifuri,
sifuri nzuri, mviringo kama mdomo wa ndoo.

Lakini mstari wa juu yake, mia mbili kumi na tatu,
palipokuwa na jina la Asangalwisye, mumewe,
kila kisanduku kikajaa neno moja:
imefutwa, imefutwa, imefutwa.
Jina, imefutwa. Ng'ombe wawili, imefutwa.
Gwakisa alikuwa amemwondoa asubuhi ile ile,
kama familia ilivyoomba baada ya arobaini.

Nikageuza kioo upande wangu. Alikuwa ameshasoma.

Kazi hii ina siri ndogo ambayo hakuna aliyenifundisha:
kuonyesha upya hubadili tarakimu tu,
hakumwondoi aliyeondoka,
hakumleti aliyeingia.
Kwa hao sharti uulize upya,
urudi ghalani na swali lile lile
kana kwamba hujawahi kuuliza.
Na ukiuliza upya unatupwa mwanzo kabisa,
kwa mzee Ambilikile, namba moja,
hukumbuki tena ulikuwa umesimama na nani.
Ndiyo maana nikaandika kiganjani kwa kalamu: 214.

Nikauliza.
Jedwali likawa jeupe, pumzi moja,
chama kizima hakipo.
Kisha wakarudi, Ambilikile mbele,
nami nikashuka na namba ya kiganjani
hadi nikampata Tusekile wangu.
Mia mbili kumi na mbili. Mia mbili kumi na nne.
Wamesogeleana kama watu wa benchi
mmoja wao anaponyanyuka.

"Pengo lake liko wapi?"
Hapa haliachwi, mama. Mistari hujibana yenyewe.
"Kwangu limeachwa," akasema,
akafunga fundo la khanga upya.

Nje foleni ilianza kukohoa.
"Haya, nishushie chini. Yumo?"
Nikashusha, nikashusha, hadi mstari wa mwisho,
mgeni wa leo ambaye kioo cha alfajiri hakikumjua:
Atupele Asangalwisye. Ng'ombe mmoja. Lita sita.

Tusekile akainama dirishani,
akaliwekea kidole jina la bintiye,
hasa lile la pili.
Hakusema kitu. Akachukua ndoo yake tupu.

Gwakisa akagonga ubao: "Ingine hiyo!"
Siku hizi nabonyeza kwanza, ndipo nafungua mdomo.
Nikabonyeza. Namba zikahama, zikakaa.
Ile alama ya kidole, yenye maji na mafuta ya maziwa,
ikabaki palepale.